Curt Cignetti wa Indiana: ana kiburi, au tumemsoma vibaya? Tuijadili tabia ya huyu kocha

#1 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu Indiana ibebe ubingwa wa taifa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo kule Miami, Januari 19, 2026, kila anayemzungumzia Curt Cignetti anaanzia na ile kauli yake moja: "Ni rahisi tu. Mimi nashinda. Ingieni Google." Klipu inazunguka kila kona, watu wanavaa fulana zenye maneno hayo, na hitimisho la wengi ni kwamba jamaa ni mtu wa kujisifu ambaye bahati ilimwangukia. Mimi naishi huku Indiana, timu hii nimeifuata tangu ilipokuwa inapigwa na kila mtu, na hilo hitimisho linaniuma. Naomba niweke maoni yangu, kisha mnikosoe.

Kwanza mazingira, kwa wasiofuatilia. Chuo Kikuu cha Indiana, pale Bloomington, ni nyumba ya mpira wa kikapu. Mataji ya taifa ya kikapu ni matano: 1940, 1953, 1976, 1981 na 1987. Futiboli ilikuwa kitu cha kupitishia muda mpaka msimu wa kikapu uanze. Ubingwa wa ligi yao ya Big Ten walikuwa wameupata mara mbili tu, 1945 na 1967. Mwaka 2023 ulipoisha hakukuwa na chuo chochote cha daraja la juu kilichopoteza mechi nyingi kuliko Indiana katika historia nzima ya mchezo huu. Msimu huo walishinda 3, wakapigwa 9, kocha Tom Allen akaondolewa.

Novemba 30, 2023 akatangazwa Cignetti, umri miaka 62, akitokea James Madison, chuo cha Virginia ambacho mashabiki wengi wa hapa hawakuwahi kukitazama kikicheza. Kesho yake jioni akapelekwa kwenye ukumbi wa kikapu, Assembly Hall, Indiana ikicheza na Maryland, ili watu wamwone sura. Kwa kawaida kocha mpya siku kama hiyo anapunga mkono, anasema nimefurahi kuwa hapa, anaketi. Huyu akashika kipaza sauti akasema hajawahi kukaa kiti cha nyuma kwa mtu yeyote na hana mpango wa kuanza leo. Halafu: "Purdue ni hovyo! Na Michigan pia, na Ohio State pia!"

Mjue Purdue ndio mahasimu wa jadi, hao kila mtu anaruhusiwa kuwatukana. Lakini Michigan na Ohio State? Hao walikuwa wanaishindilia Indiana miaka nenda rudi. Ukumbi ulilipuka kwa kelele, ila niliongea na watu kesho yake na wengi walikuwa na hofu. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia, "Huyu bwana hajui amefika wapi."

Ile ya Google ilikuja wiki chache baadaye, siku ya kusajili wachezaji wapya, na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, maana klipu huwa inakatwa. Mwandishi alimuuliza anawashawishi vipi vijana waamini anachotaka kukijenga Indiana. Lilikuwa swali la kazi kabisa. Kijana wa miaka 18 ana barua za vyuo sita mkononi, wewe unatokea chuo chenye rekodi ya vipigo, utamwambia nini? Akajibu kwamba anashinda, na rekodi iko wazi, nendeni mkaisome. Na ukienda kuisoma unakuta hivi: IUP, chuo cha daraja la pili kule Pennsylvania, ushindi 53 na vipigo 17. Elon, 14 na 9. James Madison, 52 na 9. Jumla 119 kwa 35, bila msimu hata mmoja alioumaliza vipigo vikizidi ushindi. Alikuwa anajibu swali kwa ushahidi.

Yeye mwenyewe alishaeleza kwamba kote alikotoka hakuwa mtu wa kauli za namna ile, ila alipofika Indiana aliona mashabiki wamelala na wanahitaji kuamshwa. Mimi nakubaliana naye kwa asilimia zote. Watu hapa walikuwa wamezoea kushindwa mpaka kushindwa kukawa sehemu ya utani wao. Siku ya mechi walijaa kwenye maegesho, wanachoma nyama, wanakunywa bia, mpira unaanza nusu yao wako nje, na wakiingia, ikifika mapumziko wanatoka hawarudi. Kocha mpole angeheshimu huo utamaduni. Huyu aliuvamia siku ya kwanza.

Kwa hiyo nawauliza: mlipomwona mara ya kwanza mlimchukuliaje? Na sasa je?

#2

Mleta uzi umeandika vizuri ila mimi niko upande wa pili, na ubingwa haujanibadilisha.

Kujiamini na kutamba ni vitu viwili. Mourinho alipofika Chelsea mwaka 2004 alijiita mtu maalumu, sawa, lakini alikuwa ametoka kubeba Ulaya na Porto wiki moja tu nyuma. Cignetti alikuwa amebeba nini? Ushindi wa daraja la pili, na James Madison ambayo ilikuwa na misimu miwili tu ngazi ya juu. Kuwaita Michigan na Ohio State hovyo ukiwa hujawahi hata kucheza nao kama kocha mkuu, kwetu huko nilikokulia unaambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Unaingia kwa adabu kwanza.

Na hakuishia pale. Akiulizwa kwa nini Indiana wanapanga mechi nyepesi mwanzoni mwa msimu na kwa nini wamefuta mechi za nyumbani na ugenini na Virginia, alijibu kwamba ameamua kufuata falsafa ya vyuo vya SEC, ile ligi kubwa ya majimbo ya kusini, ya kupanga ratiba. Yaani kosa la wenzake ndio utetezi wake. Jibu la mtu asiyependa kuulizwa hilo.

#3

#2, hata ukichukia hilo jibu, alichosema kuhusu SEC ni kweli. Ratiba zao zimejaa vyuo vidogo kila mwaka na hakuna anayewauliza. Mimi nilimpenda siku hiyo hiyo.

#4

Naombeni nichangie kama mtu niliyesoma Bloomington enzi za Tom Allen.

Wengi mnamzungumzia Cignetti kama vile alikuta pango tupu. Allen alikuwa mtu tuliyempenda sana. Kauli mbiu yake ilikuwa pendaneni, na hakuisema kwa midomo tu. Mchezaji akifanya vizuri Allen anamrukia, anamkumbatia, machozi yanamtoka mbele ya kamera. Mwaka 2020, ile mechi ya Penn State, dakika za nyongeza, mrusha mpira wetu Michael Penix ananyoosha mkono mzima mpira uguse kona ya mstari, tukashinda 36 kwa 35. Msimu ule tulimaliza ushindi 6 vipigo 2, tukiwa tumefungiwa ndani kwa korona. Wengi wetu tulilia naye kwenye simu zetu.

Halafu vikaja 2 kwa 10, 4 kwa 8, 3 kwa 9. Na yeye ni yule yule, upendo ule ule. Hapo ndipo nilipoanza kuona shida. Kila kipigo kilifuatiwa na hotuba ya moyo, mpaka tukawa tunajua itakavyoanza. Chuo kilimlipa zaidi ya dola milioni 15 aondoke, na siku anaondoka niliumia ingawa nilijua imefika.

Cignetti aliponijia na sura ile, kusema kweli nilimwona mtu baridi. Hakumkumbatia mtu. Hakusema lolote kuhusu familia yetu ya Hoosiers, yaani sisi watu wa Indiana. Nilichokuja kukiona baadaye ni kwamba wachezaji wake wa James Madison 13 walihama pamoja naye kwenda Indiana, na wasaidizi wake wakubwa, Bryant Haines wa ulinzi na Mike Shanahan wa mashambulizi, nao wakaja. Vijana wa miaka 20 wana hiari ya kwenda popote. Hawamfuati mtu asiyewajali. Labda upendo wake anauonyesha ndani ya chumba cha kubadilishia nguo ambako sisi hatuingii, au labda anauonyesha kwa kuwaambia ukweli. Sijui ni upi, ila waliomfahamu walipanda gari wakamfuata, na hilo lilinituliza kuliko kauli yoyote ya Google.

#5

Wakuu mimi ni mgeni wa huu mchezo, nipo Mwanza, nimezoea soka letu. Kwa nini tabia ya kocha wa chuo inajadiliwa hivi? Kwetu kocha akifungwa mechi tatu anaondoka, nani ana muda wa kumsoma roho?

#6 (mleta uzi)

Karibu sana ndugu yangu, swali zuri.

Kwenye futiboli ya vyuo vya Marekani kocha mkuu ndiye chuo chenyewe machoni pa watu. Wachezaji ni wanafunzi, wanakaa miaka minne au mitano wanaondoka. Kocha ndiye anayekwenda sebuleni kwa mama wa kijana, anakaa kwenye kochi, anamwambia nipe mtoto wako. Kwenye majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, kumzidi gavana, ni kocha wa futiboli au wa kikapu wa chuo cha jimbo. Cignetti mwenyewe Oktoba 2025 alipewa mkataba mpya wa miaka minane, wastani wa dola milioni 11.6 kwa mwaka. Na tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na kulipwa kwa matumizi ya jina na picha zao. Maana yake kila mwaka kocha anaweza kupoteza nusu ya kikosi au kupata kikosi kipya ndani ya wiki tatu. Kama watu hawamwamini, timu inabomoka. Ndiyo maana tunamsoma roho.

Sasa narudi kwa #2, maana amegusa jambo la maana: alikuwa amebeba nini?

Tazama njia aliyopita. Ni mtoto wa kocha. Baba yake, Frank Cignetti, alikuwa kocha mkuu wa West Virginia, akaondolewa baada ya msimu wa 1979, akaenda kuijenga upya heshima yake pale IUP kwa miaka 20, kuanzia 1986 hadi 2005, na mwishowe akaingizwa kwenye jumba la heshima la futiboli ya vyuo. Curt alicheza kwotabeki West Virginia, yaani mrusha mpira, halafu akawa kocha msaidizi. Msaidizi, si mwaka mmoja wala mitano. Rice, Temple, Pittsburgh, NC State, na mwaka 2007 Nick Saban akamchukua Alabama kufundisha wapokeaji na kusimamia usajili. Akiwa pale Alabama wakabeba ubingwa wa taifa wa 2009. Ana kazi nzuri, mshahara mzuri, yuko chini ya kocha bora wa kizazi chake.

Mwaka 2011 akaondoka. Alikuwa anakaribia miaka 50, akashuka hadi daraja la pili, IUP, kule kule kwa baba yake, kwa mshahara ulioporomoka vibaya, ili tu awe kocha mkuu. Jiulizeni ni mtu wa tabia gani anafanya hivyo. Mtu wa kutamba asingetoka Alabama. Pale alikuwa na pete ya ubingwa, kamera na jina. Alikwenda mahali ambapo hakuna mwandishi wa taifa anayekwenda, akakaa misimu sita. Kisha Elon. Kisha James Madison, ambayo msimu wake wa kwanza tu aliifikisha fainali ya daraja lake, akapoteza kwa North Dakota State.

Ndiyo maana ile "ingieni Google" mimi naisikia tofauti. Miaka 27 au 28 ya kuwa msaidizi wa watu, kisha miaka 13 ya kushinda mahali ambapo hakuna anayetazama. Alipopata kipaza sauti alisema mkasome, kwa sababu alijua hamjasoma.

#7

#2 hapa tena. Hiyo historia ya IUP nakubali inampa heshima, sikuwahi kuiangalia kwa jicho hilo.

Lakini mleta uzi umeruka Desemba 2024, na mtu anayemtetea kocha hana budi apitie pale. Indiana msimu wake wa kwanza walianza na ushindi 10 mfululizo, hawajawahi. Sawa, pongezi. Wakaenda Ohio State wakapigwa 38 kwa 15. Wakaingia mchujo wa ubingwa, wakapangwa kwenda Notre Dame. Siku ya mechi, kabla haijaanza, jamaa yuko kwenye runinga ya taifa, anaambiwa hamjashinda timu kubwa, anajibu kwamba wao hawazifungi tu timu za 25 bora, wanazipiga mpaka zinajisahau, tena kwa neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Jioni wakapigwa 27 kwa 17, na hayo matokeo yanadanganya, maana tachidauni mbili, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, walizipata mwishoni kabisa mechi ikiwa imekwisha.

Na kilichonikera zaidi ya kauli ni uwanjani. Yuko nyuma kwa mbali, robo ya nne, timu iko karibu na katikati ya uwanja, na anaamua kuupiga mpira mbali kwa mguu awape wapinzani. Kabla ya mechi simba, ndani ya mechi anaogopa. Hapo ndipo nilipomweka kwenye kundi la wenye maneno kuliko moyo.

#8

Mimi ni mtu mzima kidogo humu, naomba niwarudishe nyuma.

Watu wa Indiana wana historia yao na makocha wakali. Bob Knight aliifundisha timu ya kikapu kuanzia 1971 hadi 2000, akawapa mataji matatu kati ya yale matano, na timu yake ya 1976 ilimaliza 32 bila kipigo. Mtu huyo huyo Februari 1985, kwenye mechi na Purdue, alikasirikia waamuzi akanyanyua kiti akakirusha uwanjani. Watu walicheka, wakakifanya kisa cha kusimulia wajukuu. Ukali ulipozidi, ukiwafikia wachezaji mwilini, chuo kikamwondoa Septemba 2000, na jimbo likagawanyika miaka karibu 20 mpaka alipokubali kurudi pale ukumbini. Alifariki Novemba 1, 2023. Mwezi haujaisha hata, Cignetti anatangazwa.

Kwa hiyo nilipomwona huyu mpya anafoka kwenye kipaza sauti, ndani ya ukumbi ule ule wa Knight, niliogopa. Nilisema hawa watu wanatafuta mkali mwingine, na watamsamehe kila kitu ilimradi anashinda. Hiyo ndiyo hofu yangu na bado ninayo kidogo.

Ila kwa haki, tofauti nimeiona. Cignetti hasira yake haiendi kwa mtoto. Mchezaji akiangusha mpira, kamera inamwendea kocha, na unachokiona ni uso ule ule wa mtu aliyeambiwa bei ya kitu na haamini. Mikono kifuani, mdomo umepinda upande, kimya. Wasaidizi wake anawakemea, waamuzi anawasema, lakini sijaona kijana amedhalilishwa mbele ya watu. Kwangu hilo ndilo la kuchunga kwa kocha yeyote wa chuo, maana hawa ni watoto wa wenyewe.

#9 (mleta uzi)

Mzee wangu wa #8, shikamoo, na asante. Hilo la Knight nilikuwa nalifikiria ila sikuthubutu kulianza.

Kuhusu ule uso. Septemba 2025 Indiana waliwapiga Illinois 63 kwa 10, Illinois ikiwa timu ya kumi bora. Sitini na tatu. Mashabiki tunarukaruka, wanafunzi wanaimba, na kila wakimwonyesha Cignetti yuko na uso wa mtu anayefuatilia deni. Watoto wa huku wakatengeneza picha za kila aina mtandaoni. Nilidhani ni pozi.

Baadaye alieleza mwenyewe, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nimwelewe. Anawadai wachezaji wacheze kila mchezo, yaani kila jaribio ndani ya mechi, sawasawa, wa kwanza mpaka wa 150, bila kujali ubao unasema nini. Sasa kama yeye anapigiana viganja na watu pembeni ya uwanja kwa sababu tuko mbele kwa pointi 30, atamwambia nini beki aliyelegea? Hawezi kuwadai jambo ambalo yeye mwenyewe halifanyi. Ule uso ni sehemu ya mafundisho, wachezaji wakigeuka kumtazama wakute hakuna kilichobadilika.

Na ndiyo sababu naona tumemsoma kinyume. Mtu wa majivuno anabadilika kufuatana na ubao. Akishinda anapanuka, akifungwa anatafuta wa kumlaumu. Cignetti ukiondoa sauti ya runinga huwezi kujua kama anaongoza au amefungwa. Maneno makali aliyatumia mwanzo, wakati hatuna kitu, ili tuamke. Kadiri timu ilivyopanda ndivyo alivyopunguza maneno. Angalieni mahojiano yake ya 2025 mlinganishe na ya Desemba 2023. Majibu mafupi, makavu, anataja mazoezi, maandalizi, mchezo unaofuata. Wakati ana haki ya kujisifu ndipo alipoacha.

#10

Naunga mkono, na nitaongeza mfano ambao wengi mtauelewa, Deion Sanders, kocha wa Colorado.

Hao wawili waliajiriwa mwaka mmoja tofauti, Deion Desemba 2022. Wote walirithi timu mbovu, Colorado ilikuwa imeshinda 1 na kufungwa 11. Wote waliingia kwa kauli nzito na wakabadilisha kikosi karibu chote kupitia uhamisho. Deion kikao chake cha kwanza aliwaambia wachezaji waliokuwepo waanze kujiandaa kuhama, maana anakuja na mizigo yake, yaani wachezaji wake. Kamera zilikuwepo ndani, ikarushwa dunia nzima.

Mimi Deion nampenda, nampenda kwa dhati, na alichowafanyia vijana weusi wa Jackson State, chuo alichofundisha kabla ya Colorado, kitakumbukwa. Colorado pia aliipandisha, 2024 walishinda 9 na Travis Hunter akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Lakini utu wa Deion ni utu wa mchezaji nyota. Alikuwa nyota tangu ujana, anajua watu wanakuja kumtazama yeye, na timu inaishi ndani ya mwanga wake. Mwanawe na Hunter walipoondoka, 2025 wakarudi 3 kwa 9.

Cignetti hakuwahi kuwa nyota wa kitu chochote. Kwa hiyo mwanga ulipokuja uliwaangukia wachezaji. Fernando Mendoza alikuwa kwotabeki wa California ambaye ni wachache walimjua, mwaka mmoja Bloomington akabeba Heisman, wa kwanza katika historia ya Indiana. Ukiuliza watu uso wa timu ile ya 2025 ni nani, watakuambia Mendoza na lile tabasamu lake. Kocha asiyecheka na kwotabeki asiyeacha kucheka. Waliendana.

#11 (mleta uzi)

Hapo umemaliza kiu yangu, #10.

Nimebakiwa na deni la #2 kuhusu Notre Dame, na sitaki kulikwepa. Ile kauli ya kabla ya mechi haikufaa. Siitetei. Na kule kuupiga mpira mbali kwa mguu robo ya nne, mimi pia nilipiga kelele peke yangu sebuleni.

Lakini twende fainali, Januari 19, 2026, dhidi ya Miami, kwenye uwanja wa nyumbani kwa Miami. Indiana wanaongoza 17 kwa 14, robo ya nne, wako yadi 12 kutoka mstari wa wapinzani. Jaribio la nne, wanahitaji yadi 4. Kwa wasiojua: ukishindwa jaribio la nne unaupoteza mpira. Chaguo salama ni kupiga mguu, pointi 3, iwe 20 kwa 14, hakuna mtu duniani atakayekulaumu. Na alishamtuma mpigaji aingie uwanjani. Kisha akaomba muda, akamrudisha mpigaji nje, akairudisha timu ya mashambulizi. Na mchezo aliochagua haukuwa wa kurusha. Mendoza, mrusha mpira, akaambiwa akimbie nao mwenyewe katikati ya watu wenye kilo 130. Akagongwa, akazunguka, akagongwa tena, akajirusha hewani mpira mbele. Tachidauni. 24 kwa 14. Mechi ikaisha 27 kwa 21.

Huyo ndiye yule yule wa Notre Dame, miezi 13 baadaye. Mtu mwenye kiburi hajifunzi kutokana na kipigo, kwa sababu kwake kipigo siku zote kina mwenyewe mwingine. Huyu alikwenda akalitafakari akiwa na miaka 64, na siku iliyokuwa kubwa kuliko zote maishani mwake akafanya tofauti.

Na njiani aliwapiga Ohio State 13 kwa 10 kwenye fainali ya Big Ten, halafu Alabama, kule alikoacha kazi 2011, 38 kwa 3 kwenye Rose Bowl, mechi ya mchujo wa ubingwa. Baada ya mechi ya Alabama nilisubiri neno la kisasi. Hakulitoa.

#12

#2 hapa. Ile ya jaribio la nne naikubali bila kinyongo. Alikuwa na kila sababu ya kupiga mguu.

Nitasema hivi: ile kauli ya Assembly Hall bado naiona haikuwa na adabu, na hamtanibadilisha. Ila mtu nimemkosea kwenye moyo. Nilisema ana maneno kuliko moyo na si kweli.

Ninachokisubiri ni kitu kingine. Miaka yote hiyo alikuwa mtu anayepuuzwa, IUP, Elon, James Madison, hata Julai 2024 waandishi waliipanga Indiana ya 17 kati ya timu 18 za Big Ten, na akalitumia hilo vizuri kuwasha vijana. Sasa ni bingwa, 16 bila kipigo, Mendoza amekwenda zake kwenye ligi ya kulipwa, kwotabeki mpya ametoka chuo cha TCU, na hakuna anayempuuza tena. Atawaambia nini vijana wake?

#13 (mleta uzi)

Swali zuri kuliko langu la mwanzo, na sina jibu lake. Tukutane hapa Septemba, mkuu. Wewe ndiye nitakayekutafuta wa kwanza.